Kuunda michezo ya video: Yale ambayo matineja hufunzwa katika kambi za likizo ndefu

KILA mwaka, kati ya Juni na Agosti, shule nyingi nchini Marekani hufungwa kwa takriban wiki kumi. Katika msimu huo wa joto, mzazi anayekwenda kazini kila asubuhi hukabiliwa na swali lile lile: mtoto atashinda wapi, na atakuwa akifanya nini? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kambi za porini, ambako vijana walijifunza kuogelea, kupiga makasia na kuota moto usiku. Tangu miaka ya tisini, hata hivyo, zimezuka kambi za aina nyingine ambamo matineja huketi mbele ya kompyuta katika kumbi za vyuo vikuu wakijifunza kuunda michezo ya video.

Wengi wao hujiandikisha wakiamini kwamba aliyebobea katika kuicheza michezo hiyo tayari ni nusu muundaji. Siku chache zinatosha kuwaonyesha kwamba mlaji hodari si lazima awe mpishi. Kuunda mchezo kunahitaji hesabu, mantiki, uchoraji, muziki, uandishi wa hadithi na, zaidi ya yote, subira ya kumaliza kazi iliyoanzwa. Na kwa kuwa ada ya kambi hizi ni ya juu na likizo ndefu huja mara moja tu kwa mwaka, mzazi ana kila sababu ya kutaka kujua mtoto atatoka na nini.

Kipimo kilicho rahisi kukishika ni kimoja. Je, mwishoni mwa programu, tineja ana mchezo mdogo aliouunda mwenyewe, uliokamilika, ambao mtu mwingine anaweza kuucheza toka mwanzo hadi tamati?

Chimbuko la mafunzo haya

Wazo la kumfunza mtoto kwa kumpa kompyuta aiamrishe, badala ya kompyuta kumwamrisha yeye, lina mizizi katika kazi ya Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa mjini Pretoria, Afrika Kusini, mwaka wa 1928. Kabla ya kuhamia Marekani, Papert alifanya kazi mjini Geneva pamoja na Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wanavyojijengea maarifa. Mnamo 1967, Papert, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig walibuni Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Baadaye, kupitia lugha hiyo, mtoto aliweza kumwamuru kobe wa kompyuta aende mbele, ageuke na kuchora mstari. Kobe akikosea njia, mtoto alilazimika kurudi kwenye maagizo yake na kutafuta kosa liko wapi.

Papert, aliyefariki mwaka wa 2016, alishikilia kwamba mtu hujifunza vyema zaidi anapounda kitu anachokijali na ambacho wengine wanaweza kukiona. Ni nadra kupata kitu ambacho tineja anakijali kuliko mchezo wa video.

Mwaka wa 1993, jumba la makumbusho ya kompyuta mjini Boston, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha MIT, lilifungua Computer Clubhouse, mahali ambapo vijana wa familia za mapato ya chini wangeweza kwenda baada ya masomo na kutumia kompyuta bila malipo. Ilibainika kwamba vijana hao walitaka kujiundia michezo na vibonzo, ila lugha za kompyuta za wakati huo ziliwashinda. Haja hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyozaa Scratch, programu iliyotolewa kwa umma mwaka wa 2007 na kundi la Profesa Mitchel Resnick katika MIT.

Upande wa biashara nao haukulala. Kampuni ya iD Tech ilianza kuendesha kambi za kompyuta huko California mwaka wa 1999, na baadaye ikasambaa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani. DigiPen, chuo kilichoanzia Vancouver nchini Canada na baadaye kuhamia Redmond katika jimbo la Washington, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza duniani kutoa shahada ya uundaji wa michezo ya video, na huendesha pia warsha za likizo kwa wanafunzi wa shule. Mnamo 2014 Laila Shabir alianzisha Girls Make Games, mpango wa kambi za wasichana pekee, baada ya kuona jinsi wanawake walivyokuwa wachache katika kazi hii. Mchezo uitwao The Hole Story, uliobuniwa na kikundi cha wasichana katika kambi ya mwaka huo, ulichangiwa fedha na umma kupitia intaneti ili ukamilishwe na kuuzwa.

Zana za kazi

Anayeanza huanzishwa kwa Scratch. Humo maagizo hayaandikwi; yako tayari katika vipande vya rangi vinavyopachikwa kimoja juu ya kingine mithili ya matofali. Kipande kisichofaa mahali fulani hakiingii, hivyo mwanafunzi haangushwi na nukta au mabano aliyoyasahau. Hubaki na kazi moja tu, nayo ni kufikiri.

Akishazoea, hupandishwa ngazi. GameMaker, iliyoanzishwa mwaka wa 1999 na Profesa Mark Overmars wa Uholanzi, huruhusu kuchanganya vipande na msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta. Roblox Studio hutumia lugha iliyotokana na Lua, ambayo asili yake ni Brazil. Vijana wa miaka 15 na kuendelea aghalabu hufunzwa Unity, injini ya michezo iliyozinduliwa mwaka wa 2005 na kampuni iliyoanzia Denmark, au Godot, iliyobuniwa na Waargentina wawili na kuachiliwa kwa umma bila malipo mwaka wa 2014. Injini ya mchezo ni programu iliyokwisha kufanya kazi nzito za msingi, kama vile kuchora picha kwenye skrini, kutoa sauti na kutambua vitu viwili vinapogongana, ili muundaji ashughulikie mchezo wenyewe.

Baadhi ya wazazi hudhani kwamba kadiri zana ilivyo kubwa ndivyo mafunzo yalivyo bora. Sivyo. Tineja anayewekwa kwenye Unity siku ya kwanza bila msingi wowote anaweza kumaliza wiki nzima akinakili msimbo asiouelewa. Mwenzake anayetumia Scratch huenda akawa ameunda michezo mitatu na anaweza kueleza kila kipande kinafanya nini.

Hatua kwa hatua

Programu nyingi hudumu wiki moja hadi tatu, na zile nzuri huanza kompyuta zikiwa bado zimezimwa. Wanafunzi hupewa karatasi, kete na vifuniko vya chupa, kisha huambiwa wachukue mchezo wanaoujua na kubadilisha kanuni moja tu. Kwa msomaji wa Kenya, ni sawa na kuchukua ajua na kuuliza: itakuwaje kila shimo likianza na kete chache kuliko kawaida? Mchezo utaisha upesi? Anayeanza atashinda daima? Zoezi hili hufunza kwamba mchezo ni kanuni, na kwamba picha na sauti ni mavazi yake.

Kisha huja kompyuta, na hapo ndipo somo la hesabu hurudi kwa mlango wa nyuma. Jukwaa la Scratch lina upana wa hatua 480 na kimo cha hatua 360, na katikati yake ni sufuri. Kwenda kulia ni kuongeza, kwenda kushoto ni kupunguza hadi chini ya sufuri. Mwanafunzi ambaye darasani hakuona maana ya namba hasi huielewa papo hapo mhusika wake anapotoweka upande wa kushoto.

Mfano mzuri ni kuruka. Tineja hutaka mhusika aruke na kutua kama ilivyo kwenye michezo anayoijua. Jaribio la kwanza huwa kumwamuru apande hatua kadhaa kisha ashuke, naye huonekana kama lifti. Mwalimu hapo humfunza kutumia kigeu, yaani kisanduku chenye jina kinachohifadhi thamani inayobadilika. Kigeu hicho kiitwe kasi, na kianze na 12. Kila skrini inapochorwa upya, mhusika hupanda kwa kiasi cha kasi, kisha kasi hupunguzwa kwa 1. Atapanda hatua 12, halafu 11, halafu 10, hadi atakapofika hatua 78 juu ya alipoanzia. Kasi ikifika sufuri husita kidogo, na ikishuka chini ya sufuri huanza kuanguka, polepole kwanza, kisha kwa haraka. Mistari michache ya maagizo imeleta kitu kinachofanana na mvutano wa ardhi, na tineja amegusa fizikia bila kuhisi kwamba anafunzwa.

Makosa nayo ni sehemu ya somo. Katika injini kubwa kama Unity, kosa la kawaida ni kumsogeza mhusika kwa kiasi kile kile kila skrini inapochorwa. Kompyuta moja ikichora mara 60 kwa sekunde na nyingine mara 30, mhusika yule yule atakimbia kwa kasi maradufu kwenye ile ya kwanza. Dawa yake ni kuzidisha mwendo kwa muda uliopita tangu mchoro wa mwisho. Kijana aliyewahi kuisaka hitilafu ya aina hiyo kwa saa mbili na kuipata, hujifunza jambo ambalo haliko kwenye kitabu chochote: kwamba kompyuta hutenda alichoambiwa, hata kama sicho alichokusudia mwenye kuiamuru.

Kupunguza ndiyo kazi ngumu

Waulizwapo wangependa kuunda nini, matineja wengi hutaja michezo mikubwa ya madukani. Ni vyema wakaelezwa mapema ukweli wa mambo. Grand Theft Auto V, iliyotolewa mwaka wa 2013, iliundwa na watu zaidi ya elfu moja kwa miaka kadhaa. Mwanafunzi ana saa sita kwa siku na siku kumi hivi.

Kwa upande mwingine, historia imejaa michezo midogo iliyofika mbali. Mwaka wa 1972, Nolan Bushnell wa kampuni ya Atari alimpa mhandisi aliyeajiriwa punde, Allan Alcorn, kazi ya kuunda mchezo mwepesi wa tenisi ya mezani kama zoezi la kujinoa. Zoezi hilo lilikuwa vijiti viwili na kitone kimoja. Liliitwa Pong, na likageuka kuwa mmoja wa michezo ya kwanza ya video kufanikiwa kibiashara.

Kwa hivyo kazi kuu ya mwalimu katika siku za mwanzo ni kupunguza. Mwanafunzi huandika yote anayoyataka: viwango 20, silaha 30, hadithi ndefu, wachezaji wengi kwa wakati mmoja. Kisha huulizwa ni jambo gani moja ambalo likiondolewa mchezo wenyewe hufa. Hilo huundwa kwanza. Mengine hungoja, na aghalabu hayafikiwi. Wapo wanaonuna na wapo wanaolia. Lakini asiyepunguza siku ya pili hujikuta siku ya mwisho akiwa na picha nzuri ya mlangoni na hakuna nyumba nyuma yake.

Anayemaliza mchezo wa dakika tatu amepitia safari nzima: amebuni, ameunda, ameona ulivyo mbaya, ameurekebisha na kuukabidhi kwa wengine. Aliyekwama katikati ya mchezo wa saa tatu amepitia hatua ya kwanza pekee, hata akiwa na kipawa kikubwa zaidi.

Macho ya wengine

Somo linalouma kuliko yote ni lile la majaribio. Mwanafunzi mwingine huketishwa mbele ya mchezo, na aliyeuunda husimama nyuma yake akiwa amekatazwa kusema neno. Anayejaribu hubonyeza pasipofaa, hugonga ukuta ule ule mara kumi, kisha huuliza afanye nini. Muundaji angependa kupaza sauti kwamba mlango uko kulia. Haruhusiwi, kwa sababu hatakuwapo mchezo ukichezwa nyumbani kwa mtu mwingine. Akimaliza kutazama, hurudi kwenye meza yake na kuuweka mlango mahali unapoonekana.

Hali kadhalika, kazi ya kikundi hufichua tabia. Mmoja anaandika msimbo, mwingine anachora, wa tatu anatunga sauti na wa nne anapanga viwango. Mchoraji akichelewa, wote huchelewa. Aliyefuta kazi ya mwenzake kwa bahati mbaya hujifunza umuhimu wa kuweka nakala kila jioni. Aliyechukua picha au wimbo kutoka kwenye intaneti hufunzwa kwamba vitu hivyo vina wenyewe, na kwamba zipo leseni, kama zile za Creative Commons, zinazoeleza ni nini kinachoruhusiwa.

Mwalimu naye ana mtihani wake. Wengi ni wanafunzi wa vyuo vikuu wanaojua kompyuta vyema ila hawajawahi kusomesha. Kishawishi chao kikubwa ni kumwona mtoto amekwama na kumnyang'anya kipanya ili kutengeneza kosa kwa sekunde kumi. Kwa kufanya hivyo mchezo hupona na somo hufa. Siku hizi kishawishi hicho kimepata mwenza, kwani programu za akili unde zinaweza kuandika msimbo mzima kwa ombi moja. Kanuni inayofaa ni ile ile kwa mwalimu na kwa mashine: mwanafunzi asiweke katika mchezo wake mstari asioweza kuueleza kwa maneno yake.

Hofu za wazazi

Mzazi anayesita hana makosa. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha orodha mpya ya magonjwa ambamo uraibu wa michezo ya video umetajwa, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Ni vyema kukumbuka kwamba kinachoelezwa humo ni hali ya mtu kushindwa kujizuia hadi masomo, kazi na uhusiano wake na wengine kuathirika; si kila anayependa michezo ni mgonjwa. Hata hivyo, kambi inayowaketisha watoto mbele ya skrini toka asubuhi hadi jioni bila kutoka nje haiwafai, hata kama wanaunda badala ya kucheza.

Fauka ya hayo, kuna suala la gharama. Wiki moja katika kambi ya kulipia nchini Marekani inaweza kugharimu dola elfu moja au zaidi, na hivyo mwana wa maskini hubaki nje. Hii ndiyo sababu vituo vya bure kama Computer Clubhouse vina uzito ambao matangazo ya biashara hayawezi kuufikia.

Isitoshe, ahadi za ajira zipokelewe kwa tahadhari. Kampuni za michezo ya video ziliwafuta kazi maelfu ya wafanyakazi katika miaka ya 2023 na 2024, wakiwemo wenye tajriba ya miaka mingi. Programu inayomwahidi mtoto wa miaka 14 kazi katika tasnia hiyo inauza ndoto. Yenye uaminifu husema kwamba atajifunza kufikiri kwa mpangilio, kushirikiana na kumaliza, na kwamba hayo yatamfaa hata akiwa daktari au mwanasheria.

Hali nchini Kenya

Wakenya si wageni katika ufundi huu. Mnamo 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mmoja wa michezo ya mwanzo ya pande tatu kuundwa Afrika Mashariki. Mwaka wa 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts, kampuni iliyofanya kazi Nairobi na Accra kwa kutumia mashujaa wa hadithi za Kiafrika. Mnamo 2022, nayo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha mtaala wa usimbaji utumike shuleni.

Likizo za Kenya hazifanani na za Marekani. Ile ya Agosti ni fupi, na ndefu huja mwishoni mwa mwaka. Aidha, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku masomo ya ziada ya likizo, kwa hivyo programu ya aina hii haina budi kuwa ya hiari na isigeuzwe kuwa darasa la mitihani. Kwa bahati nzuri vifaa vinavyohitajika kuanzia si vingi. Scratch ni ya bure, ina maelekezo ya Kiswahili, na ikishapakuliwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Vipakatalishi vitano vya zamani vinaweza kuhudumia vijana kumi wakigawana wawili wawili, na mpango huo una faida yake, kwani anayeongoza kipanya hulazimika kumweleza mwenzake anachokifanya.

Kabla ya kulipa ada popote pale, mzazi anaweza kuuliza maswali manne. Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Watoto watatoka nje mara ngapi kwa siku? Michezo iliyoundwa na wanafunzi wa mwaka uliotangulia iko wapi, na inaweza kuchezwa? Je, mtoto atarudi nyumbani na kazi yake pamoja na maagizo yote aliyoyaandika, au itabaki kwenye mitambo ya kambi?

Swali la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Kambi iliyofunza kweli huwa na michezo midogo mingi ya kuonyesha, mingine ikiwa na sura mbaya na sauti za kukwaruza, lakini yote ina mwanzo na mwisho. Iliyo na picha za watoto wakitabasamu mbele ya skrini pekee, mzazi na aendelee kutafuta.